Msimpime mwanamke kisha mkamwacha njiani

WANAWAKE wengi wa mijini sasa wamesikia habari za saratani ya mlango wa kizazi. Wamezisikia redioni, kanisani, katika vyama vyao vya akiba, na kwenye mahema ya upimaji wa bure ambayo huwekwa mwisho wa wiki karibu na soko au katika uwanja wa shule. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wengi wao hawajaelezwa sawasawa: kipimo hicho hakikusudiwi hasa kutafuta saratani. Kinatafuta kile kinachoitangulia kwa miaka mingi, yaani mabadiliko ya chembechembe za mwili ambazo bado hazijawa saratani na huenda zisiwe saratani kamwe.

Kutoeleweka kwa jambo hili kunaua. Tuchukue mfano wa mama anayeuza mboga kando ya barabara kule Gataka. Anaacha meza yake kwa jirani, anaingia hemani, anapimwa, kisha anaambiwa kwamba "kuna kitu kimeonekana" na aende hospitali kubwa. Anapewa karatasi yenye maandishi asiyoyaelewa. Jioni hema linakunjwa na waliompima wanapanda gari lao. Tangu saa hiyo mama huyo amebaki na njia mbili, na zote ni mbaya. Huenda akaamini kwamba tayari ana saratani, akakata tamaa, au akauza alicho nacho ili kumlipa mtu anayemwahidi dawa ya mitishamba. Au huenda akajichunguza, akaona haumwi popote, akaiweka ile karatasi chini ya godoro na kurudi kwenye nyanya zake.

Maoni yangu ni kwamba mama huyo hana kosa lolote. Kosa ni la yeyote aliyempima bila kuwa na mpango wa kumtibu. Lakini ili tuelewane juu ya hilo, sharti kwanza tujue kile "kitu" kilichoonekana ni nini.

NI NINI HUBADILIKA?

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mji wa mimba, ile inayofungukia ukeni. Umefunikwa kwa ngozi nyororo yenye tabaka kadhaa za chembechembe. Chembechembe za chini huzaliwa, hupanda juu pole pole zikikomaa, kisha hupukutika na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine. Mambo yakienda sawa, utaratibu huu haukomi.

Mvurugaji mkubwa wa utaratibu huo ni virusi vinavyoitwa HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana. Aliyethibitisha uhusiano wa virusi hivi na saratani ni Mjerumani Harald zur Hausen, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Aina za HPV ni nyingi, lakini aina mbili tu, namba 16 na namba 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani.

Hapa ni vizuri msomaji asishtuke. Watu wengi waliowahi kujamiiana hupata HPV wakati fulani maishani, na mara nyingi kinga ya mwili huifukuza bila mtu kujua kwamba aliwahi kuwa nayo. Takriban maambukizi tisa kati ya kumi hutoweka ndani ya miaka miwili. Shida huanza pale virusi vinapokataa kuondoka. Vikikaa miaka mingi, chembechembe za ile ngozi nyororo huanza kukua ovyo: umbo hubadilika, kiini huwa kikubwa, na zile zinazopaswa kukomaa zinapopanda juu hubaki changa.

Wataalamu hupanga mabadiliko haya kwa ngazi tatu. Kwenye karatasi ya majibu utaona herufi CIN zikifuatwa na namba 1, 2 au 3. Ngazi ya kwanza ina maana kwamba chembechembe zilizovurugika ziko katika theluthi ya chini tu ya ngozi ile. Ya pili ina maana kwamba zimefika theluthi mbili. Ya tatu ni pale zinapokaribia kuijaza ngozi yote, kutoka chini hadi juu. Katika ngazi zote tatu, chembechembe hizo bado zimo ndani ya mpaka wao. Saratani huanza siku zinapouvunja mpaka huo na kupenya katika nyama iliyo chini, ambako zinaweza kufikia mishipa na kusafiri mwilini.

Kutoka maambukizi hadi saratani, kwa mwanamke mwenye kinga imara, huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na virusi vya Ukimwi bila kutibiwa, safari hiyo inaweza kuwa ya miaka mitano hadi kumi tu. Ni magonjwa machache sana ya kuua yanayotupa muda mrefu namna hii wa kuyazuia. Ndiyo maana kila kifo kinachotokana na saratani hii kinastahili kutuuma.

SI KILA UFA HUANGUSHA NYUMBA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna methali inayofaa somo hili kuliko hii, ila tuongeze jambo moja ambalo kila fundi wa nyumba analijua: si kila ufa huangusha nyumba. Upo ufa wa plasta ambao unautazama tu mwaka hadi mwaka, na upo ufa wa msingi ambao ukiuacha utalala nje.

Mwaka 1993 mtaalamu A. G. Östör alikusanya tafiti nyingi zilizokuwa zimewafuatilia wanawake wenye mabadiliko haya. Alikuta kwamba katika ngazi ya kwanza, wanawake 57 kati ya 100 walirudi kuwa wazima bila tiba yoyote, na ni takriban mmoja tu kati ya 100 aliyefikia saratani. Katika ngazi ya tatu, waliofikia saratani walizidi 12 kati ya 100, na tafiti nyingi kati ya hizo hazikuwafuatilia wanawake kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mwanamke mwenye CIN 1 anapoambiwa na daktari, "Rudi baada ya mwaka mmoja tukutazame tena," asidhani amepuuzwa. Mara nyingi huo ndio uamuzi wa busara, hasa akiwa msichana ambaye bado anataka kuzaa, kwa sababu tiba ya kukata sehemu ya mlango wa kizazi inaweza kuongeza uwezekano wa mimba za baadaye kuzaliwa kabla ya wakati. Lakini kungoja kwa busara ni kule kwenye tarehe ya kurudi. Kungoja bila tarehe ni kusahauliwa.

FUNZO KUTOKA NEW ZEALAND

Je, ngazi ya tatu ikiachwa hutokea nini? Kwa bahati mbaya jibu lipo, na lilipatikana kwa njia ambayo hakuna mtu mwenye utu angeikubali leo.

Mwaka 1966, katika Hospitali ya Kitaifa ya Wanawake mjini Auckland, New Zealand, daktari aliyeitwa Herbert Green alikubaliwa na wakubwa wake kuwafuatilia wanawake wenye mabadiliko ya ngazi ya juu bila kuwapa tiba kamili. Aliamini kwamba mabadiliko hayo hayageuki saratani, naye alitaka kulithibitisha hilo. Wanawake wenyewe hawakuelezwa kwamba wamo katika majaribio. Waliitwa hospitalini tena na tena, wakakatwa vinyama vya kupimwa, wakarudishwa nyumbani. Mambo yalifichuka mwaka 1987 kupitia makala ya gazeti moja la nchi hiyo, na tume iliyoongozwa na Jaji Silvia Cartwright ikatoa ripoti yake mwaka 1988.

Miaka 20 baada ya ripoti hiyo, yaani mwaka 2008, watafiti walichapisha hesabu kamili. Kati ya wanawake 143 wenye ngazi ya tatu ambao hawakupewa zaidi ya kukatwa kinyama cha kupimwa, takriban 31 katika kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kati ya waliotibiwa ipasavyo tangu mwanzo, hakufika hata mmoja katika kila 100.

Takwimu hizo zinatuambia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, hata ngazi ya tatu si hukumu ya kifo, kwa kuwa wengi wa wanawake wale hawakupata saratani. La pili, hakuna daktari aliyeweza kuwatazama wale 143 na kusema ni nani wataangukia katika wale watakaopata saratani. Darubini haina uwezo huo. Na kwa vile tiba ni ndogo, na hasara ya kukosea ni maisha ya mtu, wote wenye ngazi ya juu hutibiwa.

Huenda msomaji akasema hayo ni mambo ya Auckland na daktari mmoja mkaidi. Mimi nauliza hivi: mwanamke anayepimwa hapa kwetu, akaonekana ana mabadiliko, kisha asitibiwe kwa sababu hakuna aliyemfuata, ana tofauti gani na wale wa Auckland? Nia ni tofauti, nakubali. Mwili wake hauijui nia ya mtu.

TIBA YENYEWE NI NDOGO

La kusikitisha zaidi ni kwamba kinachohitajika si kikubwa. Kipimo cha siki kinaweza kufanywa na muuguzi aliyefunzwa, katika zahanati ya kawaida. Mlango wa kizazi hupakwa asidi ya siki iliyozimuliwa, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye chembechembe zilizovurugika hugeuka nyeupe. Majibu yanapatikana papo hapo. Kipimo cha Pap, kilichopewa jina la daktari Mgiriki George Papanicolaou aliyefanya kazi New York, ni cha kukwangua chembechembe na kuzitazama kwa darubini. Hiki kinahitaji maabara na subira. Kipimo kipya zaidi ni cha kutafuta virusi vya HPV vyenyewe, na uzuri wake ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia ute mwenyewe kwa kijiti laini, faraghani, bila kuvuliwa nguo mbele ya mtu.

Doa likionekana, na likiwa dogo na linaonekana lote, linaweza kugandishwa kwa gesi baridi sana au kuunguzwa kwa kifaa chenye joto. Kazi hiyo huchukua dakika chache, haihitaji kulazwa wala kutiwa usingizi. Doa likiwa kubwa au likiingia ndani ya tundu la mlango wa kizazi, mwanamke hupelekwa kwa daktari ambaye hulikata kwa kitanzi chembamba cha waya wenye umeme, baada ya kumchoma sindano ya ganzi. Kukiwa na dalili ya saratani yenyewe, hapo haruhusiwi kugandishwa wala kuunguzwa. Lazima apelekwe kwa wataalamu.

Na je, kupima na kutibu siku hiyo hiyo kunasaidia? Tusiende mbali. Huko Khayelitsha, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Cape Town, Afrika Kusini, wanawake 6,555 waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Baada ya miezi sita, wale waliopimwa HPV na kugandishwa mapema walipopatikana nayo, waliokuwa na mabadiliko ya ngazi ya juu hawakufika hata mmoja katika kila 100. Waliopimwa kwa siki na kutibiwa, walikuwa zaidi kidogo ya wawili. Wale ambao tiba yao iliahirishwa walikuwa zaidi ya watatu. Mtu anaweza kudharau tofauti ya watu wawili katika 100, hadi azidishe kwa idadi ya wanawake wa nchi nzima.

HALI YETU

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikadiria kwamba mwaka 2020 wanawake 5,236 walipatikana na saratani ya mlango wa kizazi nchini Kenya, na 3,211 wakafariki. Hiyo ni karibu vifo tisa kila siku. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ni takriban wanawake 16 tu katika kila 100 wa umri unaohusika waliokuwa wamewahi kupimwa. Tangu hapo kampeni zimekuwa nyingi, na hongera kwao wanaozifanya. Lakini tumezoea kuhesabu waliopimwa. Mwishoni mwa kila kambi ya matibabu hutangazwa idadi ya waliojitokeza, na picha zikapigwa. Ni nadra kusikia ikitangazwa waliopatikana na mabadiliko walikuwa wangapi, na wangapi kati yao wametibiwa.

Utazame mkoba huu wa miji uliozunguka Nairobi upande wa Kajiado. Sensa ya mwaka 2019 ilipata watu zaidi ya 170,000 Ongata Rongai na zaidi ya 150,000 Kitengela, miji ambayo wazee wanaikumbuka ikiwa vituo vidogo vya kibiashara kando ya malisho. Wengi wa wakazi hawa ni wapangaji. Mwanamke anayeishi Gataka leo huenda mwezi ujao akahamia Kitengela kwa sababu ya kodi ya nyumba, au akabadilisha laini ya simu. Anayefanya kazi Nairobi huondoka na matatu kabla ya jua kuchomoza na kurudi usiku. Zahanati ya umma hufunguliwa akiwa kazini na hufungwa akiwa bado kwenye msongamano wa magari. Anayeuza sokoni au kufanya kibarua cha mjengo, siku moja ya kwenda hospitali ni siku moja bila mapato. Na ukiteremka zaidi kuelekea Kajiado yenyewe, yuko mama wa Kimaasai ambaye Kiswahili cha hospitali kinampita, na umbali wa kutoka bomani hadi kwenye kituo cha afya ni mwendo wa nusu siku.

Kumwambia mwanamke wa namna hii "nenda hospitali kubwa" ni rahisi kwa ulimi. Kwake ni nauli, ni ruhusa ya mwajiri, ni foleni, ni mtoto wa kuachiwa mtu, na ni woga. Kila hatua unayoiongeza kati ya kipimo na tiba, unapoteza wanawake. Huhitaji kuwa daktari ili kulijua hilo. Muulize mtu yeyote aliyewahi kuambiwa "njoo kesho".

NENO KWA WAUME

Wapo wanawake wanaoficha majibu kwa kuogopa kuitwa wazinzi. Waume waelewe kwamba HPV inaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi. Haiwezekani kusema iliingia lini wala ilitoka kwa nani, na mwanamume huibeba na kuieneza bila dalili yoyote. Majibu ya kipimo hiki si ushahidi wa kupeleka kwa wazee. Tena baada ya tiba, mwanamke hutokwa na majimaji kwa wiki kadhaa na hushauriwa asijamiiane kwa takriban mwezi mmoja ili kidonda kipone. Mume asiyeelezwa hilo ataliona kama visa. Mume aliyeelezwa atakuwa muuguzi wa kwanza.

MAHALI KWINGINE MWILINI

Mlango wa kizazi ndio mfano bora, lakini si pekee. Uvimbe mdogo wenye umbo la uyoga katika utumbo mpana unaweza kuondolewa kabla haujageuka saratani. Doa jeupe mdomoni lisilofutika, hasa kwa mvuta sigara au mtafuna tumbaku, linafaa kuonyeshwa kwa daktari wa meno. Kule Bomet, ambako saratani ya koo la chakula imewasumbua watu kwa muda mrefu, watafiti wa Hospitali ya Tenwek waliwachunguza wakazi 305 waliojiona wazima, kwa kupaka koo dawa ya ayodini na kulitazama kwa kamera. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya 14 katika kila 100 walikuwa na chembechembe zilizovurugika. Hawakuwa wakiumwa. Hili ndilo jambo la kukariri: mabadiliko ya kabla ya saratani hayaumi. Anayengoja maumivu ndipo aende kupimwa, anangoja saratani yenyewe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kambi yoyote ya matibabu inayotaka kupima saratani ya mlango wa kizazi iulizwe swali moja kabla ya kupewa kibali: watakaopatikana na doa mtawatibu wapi na siku gani? Wakiwa na kifaa cha kuunguza, na muuguzi anayejua kukitumia, watibu papo hapo wale wanaofaa. Wasipokuwa nacho, wawe na siku iliyopangwa na kituo kilicho karibu, na nauli iwemo katika bajeti yao. Pesa zinazotumika kununua fulana na mabango zingeweza kujaza mtungi wa gesi.

Pili, vituo vya umma katika miji ya wapangaji na vibarua vitenge Jumamosi moja kila mwezi kwa kazi hii. Mwanamke anayerudi nyumbani saa mbili usiku hatapimwa Jumanne asubuhi, hata umhubirie namna gani.

Tatu, pawe na daftari la waliopatikana na mabadiliko, na mtu mmoja mwenye jina anayewajibika kuwapigia simu. Wahudumu wa afya wa mitaani wanazijua nyumba na wanajua nani amehamia wapi. Waelezwe bila kutangaza siri ya mtu. Na serikali ya kaunti inapotoa idadi ya waliopimwa, itoe pia idadi ya waliotibiwa. Tarakimu ya kwanza bila ya pili ni mapambo.

Nne, majibu yatolewe kwa maneno yanayoeleweka, kwa Kiswahili, Kimaasai au lugha yoyote anayoielewa mwenyewe. Yanatosha maneno machache: "Huna saratani. Una mabadiliko ambayo yakiachwa yanaweza kugeuka saratani baada ya miaka. Yanatibika. Tutakutibu leo, au siku fulani, mahali fulani."

Tano, tusiwasahau mabinti. Kenya ilizindua chanjo ya HPV mwezi Oktoba mwaka 2019, ikiwalenga wasichana wa miaka kumi. Watafiti wa hapa nchini, katika utafiti wa KEN SHE uliowashirikisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 huko Thika, Nairobi na Kisumu, waligundua kwamba hata dozi moja iliwakinga wengi mno dhidi ya aina namba 16 na 18. Mwaka huo huo wa 2022 matokeo hayo yalipochapishwa, Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba dozi moja inaweza kutosha. Dunia nzima sasa inatazama kazi iliyofanyiwa Thika na Kisumu. Itakuwa ajabu mabinti wa Rongai na Kitengela wakiikosa.

Kwako msomaji wa kike, mwongozo wa taifa wa mwaka 2018 unawalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49. Unayeishi na virusi vya Ukimwi unahitaji kupimwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa hatari yako ni takriban mara sita ya mwenzako. Ukishapimwa, usitoke mlangoni kabla ya kuuliza maswali matatu. Mmeona nini? Ni ngazi gani? Nirudi lini na wapi? Ukishatibiwa, rudi baada ya mwaka mmoja uhakikishe. Kutokwa na damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, si jambo la kungojea kambi. Mwone daktari mara moja.

Na iwapo iko karatasi chini ya godoro lako, uliyopewa mwaka jana au mwaka juzi, itoe. Bado kuna uwezekano mkubwa kwamba muda upo. Ipeleke kesho kwenye kituo kilicho karibu nawe, uiweke mezani, na usiondoke mpaka mtu akueleze imeandikwa nini.